Maji Matatu

Jikoni, hospitali kuu
9 Aprili

Kwako mdogo wangu, Mama Chumvi,

Nakusalimu kwa salamu nyingi, nyingi kuliko chumvi uliyoitia kwenye mchuzi siku ile ya kuniaga. Hujambo? Baba hajambo? Kile kifua chake kimetulia, au bado anakohoa kwa makusudi akitaka chai? Na mwanangu Panzi je? Mimi ni mzima wa afya, ila mikono inauma. Sufuria za huku, mdogo wangu, mtu anaweza kuoga ndani na mwenzake akamsugua mgongo.

Kazi nimeizoea. Kitu kimoja tu kinanikera: jiko hili halina msimu. Kabichi mwezi wa kwanza, kabichi mwezi wa sita, na wali ule ule. Wagonjwa wakipona nadhani wanaikimbia kabichi. Kwa hiyo nakuomba jambo. Kila ukiniandikia, niambie mmepika nini, mvua ikiwa mvua na jua likiwa jua, na mimi nile kwa macho.

Sasa hivi najua kunde zimetoa majani. Chuma yale machanga ya juu tu, uyape mioto miwili kama alivyokuwa akifanya mama, Mungu amrehemu. Yanayobaki kausha. Usinijibu kwamba mvua ipo na chakula kipo. Akiba haiozi.

Mwenye nyumba wangu amekubali mtoto, na shule ya jirani wamemwandika. Mwezi wa kwanza namfuata Panzi, tuje tuishi wote huku. Mpaka hapo nimekuachia wewe, na ujue sina mwingine. Mpime mguu kwa uzi, kutoka kisigino hadi kidole gumba, uniletee huo uzi nimnunulie viatu vya shule.

Barua nampa konda wa basi, yule Mluzi. Ukisikia mluzi barabarani, kimbia.

Dada yako


Nyumbani
2 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, tunakula na kushiba, hofu ni kwako wewe uliye peke yako na makabichi. Baba anakusalimu. Ameamka, amelalamikia chai, kwa hiyo hajambo.

Majani ya kunde nimeyapa mioto miwili, na nimepata aibu ya mwaka. Nimeyapika Jumamosi, nikayalaza, Jumapili nikayapika tena. Dada, yaligeuka kitu ambacho hata sina jina lake. Baba alikichota kwa mwiko, akakitazama, akaniuliza kama nimeanza kutengeneza dawa ya viatu. Panzi peke yake ndiye aliyekula, tena akaomba nyongeza, lakini Panzi hata udongo anakula.

Niambie nimekosea wapi. Wewe mama alikufundisha akiwa na nguvu zake. Mimi nilipofika umri wa kushika mwiko yeye alikuwa kitandani, ananielekeza kwa sauti kutoka chumbani, nusu naisikia na nusu nabahatisha.

Mchicha umejaa hadi mlangoni, tunauchuma bila kusimama. Majani ya maboga nayamenya nyuzi zake jioni na kuyaunga kwa karanga. Uyoga umeota nyuma ya choo cha zamani, sijaugusa, nakumbuka ulivyonionya.

Uzi wa mguu haujapatikana. Nikimshika mguu huu anaruka na ule. Jina hatukukosea. Asubuhi anaruka kamba, mchana anaruka mfereji, jioni anamruka Baba akiwa amekaa mkekani, na Baba anajifanya hajaona. Nitampima akilala, ingawa hata usingizini anapiga mateke.

Mdogo wako


Jikoni
20 Mei

Mama Chumvi,

Hujambo wewe, na hao uliowalisha dawa ya viatu hawajambo? Mimi mzima. Nimecheka mpaka sista wa zamu akaja kuuliza kama kuna mgonjwa ametoroka wodini.

Mtoto wewe! Mioto miwili ni ya siku ile ile. Moto mkali kwanza hadi majani yalale, halafu unaondoa kuni, unaacha makaa, hapo ndipo unatia karanga. Moto wa kwanza, moto wa pili, basi, mnakula. Nani alikuambia ulaze? Likae hilo kichwani mwako: usitie siku kwenye maneno ya mama. Mama alikuwa anahesabu kazi, hahesabu siku.

Na majani ya kukausha? Naona barua yako imepita hapo kimyakimya, na kimya chako mimi nakijua. Kausha, mwanamke. Jua likija halipigi hodi.

Mbusu Panzi, ukimpata.

Dada yako


Nyumbani
18 Julai

Dada mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Sisi tuko salama, tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa nasubiri niwe na habari nzuri. Mvua ilikata. Ilikata mahindi yakiwa yanatoa ndevu, ikawa kama mtu aliyeondoka katikati ya mazungumzo. Tuliyopata tumeyala mabichi, ya kuchoma na ya kuchemsha, kwa wiki mbili hivi tulikuwa matajiri. Maboga yamekuja madogo, Panzi anayaita makombe. Nayapika na maganda yake. Kunde kavu zipo kidogo, mbaazi bado ziko mtini. Ghalani Baba anaingia kila asubuhi, anasimama, anatoka.

Majani sikukausha mengi. Usinigombeze, nimeshajigombeza.

Panzi hajambo kabisa. Amejifunza kuruka kamba kinyumenyume na sasa hatupumui. Anauliza kama shule ya huko kwako ina kamba.

Baba anasema mbaazi zikiisha, kuna Mlinzi. Dada, Mlinzi mimi sijawahi kumpika. Anapikwaje?

Mdogo wako


Jikoni
6 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Hamjambo nyote? Sikugombezi. Hapa pia wameanza kuzungumza habari za jua, bei ya kila kitu imepanda, hata kabichi imeota maringo.

Anza na viazi vitamu, vile vya bondeni, kabla fuko hajavimaliza. Mbaazi zipike kidogo kidogo, uchanganye na chochote, usizimalize kwa wiki moja kwa sababu zina nguvu kuliko vyote mlivyonavyo. Mlinzi awe wa mwisho.

Usimwogope. Ni muhogo kama mihogo mingine, mchungu tu. Mama alimpanda mpakani mwa shamba na kumpa jina hilo kwa sababu nguruwe hamgusi, mwizi hamgusi, anakaa ardhini miaka anawalinda. Ule mwaka wa njaa, wewe ukiwa bado unanyonya, Mlinzi ndiye aliyetuvusha. Unammenya, unampa maji matatu, unamwanika, unamponda, unga wake mweupe unawaka. Maji matatu usiyasahau. Mama alikuwa anasema Mlinzi haingii ndani mpaka anywe maji matatu.

Naandika haraka, Mluzi anapiga mluzi wake getini na abiria wanamtukana. Na uzi wa mguu je?

Dada yako


Nyumbani
3 Oktoba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za kwako na za afya yako? Sisi tupo. Jua ni kali, mtoni kumebaki mchanga, tunachimba mpaka maji yachuruzike. Barua yako ilifika ikiwa imekunjwa na pipi ndani. Mwambie Mluzi kwamba Panzi amemsamehe ile nyingine aliyoila njiani.

Viazi viliisha. Wiki ya tatu sasa tunakula kwa Mlinzi. Nimempa maji matatu, dada, na safari hii sijakosea kama ile mioto yako, kwa hiyo usinicheke. Maji yenyewe ya shida, nikiyamwaga roho inauma, lakini nayamwaga. Nilimuuliza na Baba. Akasema yeye mambo ya jikoni hayajui, anachokumbuka ni mama yenu akimwaga maji na kuimba.

Sema kuponda ndiyo kazi. Ni mgumu kama jiwe. Viganja vimetoka malengelenge, mchi umenishinda, Baba ananisaidia usiku watu wasimwone. Unga unatoka mweupe kweli kama ulivyosema. Uchungu kidogo unabaki kwenye koo, ukinywa maji unapita.

Siku za mwanzo tukishakula kichwa kilikuwa kinazunguka. Panzi akatapika mara moja, akacheka, akasema nyumba inacheza. Baba akasema ni Mlinzi anatusalimia, hatujuani naye. Sasa tumezoea, kizunguzungu kinakuja na kuondoka, tunalala kidogo mchana.

Uzi bado. Anakimbia.

Mdogo wako


Jikoni
22 Oktoba

Mama Chumvi wangu,

Nimefurahi hadi machozi. Umempika Mlinzi bila mwalimu! Hujambo, na mikono hiyo imepona? Ipake mafuta.

Huo ugumu umenishangaza kidogo. Wa mama nakumbuka ulikuwa unapondeka kama mkate. Labda amezeeka, amekaa ardhini miaka yote hiyo, hata mimi nikizeeka nitakuwa mgumu. Panzi mwongezee mbaazi kama zipo.

Viatu nimeviona. Vyeusi, vina kamba, soli nene ya kuruka. Muuza duka amenihifadhia, anasubiri uzi wako. Kitanda kidogo nimekiweka chini ya dirisha, anaweza kuona barabara. Kila nikitoka zamu nakaa juu yake kidogo. Mwenye nyumba ananiona nazungumza peke yangu, na mimi simjali.

Hapa wodini wameanza kuletwa watu kutoka sehemu za jua. Tunapika uji mwingi kuliko zamani.

Dada yako


Nyumbani
14 Novemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi tunaendelea.

Mbaazi ziliisha. Sasa ni Mlinzi asubuhi, Mlinzi mchana, Mlinzi jioni. Asubuhi namfanya uji, mchana na jioni ugali, kitoweo ni yale majani niliyokausha machache, ambayo kila nikiyatia chunguni nasikia sauti yako. Natamani mchicha hadi nauota.

Panzi kuna jambo anafanya, sijui nikuambie vipi. Anatembea kwa vidole. Kisigino hakigusi chini. Mwanzoni nilidhani ni mchezo wake mpya, maana alikuwa anatembea kama mtu anayemnyemelea kuku, na sote tulicheka, yeye mwenyewe akacheka. Lakini juzi nilimwambia haya basi, tembea vizuri, akasema mama mdogo, natembea vizuri. Jana alianguka akienda kumletea Baba maji. Leo ameanguka tena mahali ambapo hapana kitu. Kamba ameitundika mlangoni mwenyewe, anasema imemchosha.

Baba anasema mtoto anakua, mifupa inamvuta. Nilimbeba hadi zahanati, nikakuta kufuli, mganga amekwenda semina. Nilipokuwa narudi naye mgongoni, magoti yangu mimi yalikuwa yanatetemeka, nikakaa chini mara nyingi. Nadhani ni uzito. Ingawa dada, hana uzito.

Niambie nifanye nini. Mimi namlisha. Nakuapia simnyimi, namlisha zaidi yetu sote, sahani yake ndiyo inayojaa kwanza.

Mdogo wako


Jikoni
29 Novemba

Mdogo wangu,

Ukisoma hii ukiwa jikoni, tua mwiko. Acha vyote. Msile tena Mlinzi, hata kijiko kimoja, hata uji, hata ule unga uliokwisha kupondwa. Umwage. Nimepiga simu dukani kwa Mzee wa Mizani, simu pekee hapo kijijini, tangu jana, inalia tu, haipokelewi.

Barua yako nimeipata jana mchana. Asubuhi yake sista wa lishe alikuwa ameniita wodini. Kuna baba mmoja amemleta binti yake mgongoni, msichana mkubwa, miguu imenyooka na kukazana, inapishana kama mkasi. Kitanda cha pili mtoto, hivyo hivyo. Cha tatu hivyo hivyo. Wote wa sehemu za jua, wote wamekula muhogo mchungu. Sista akaniuliza, wewe unatoka huko, nyinyi mnauloweka vipi? Nikamjibu kwa maringo, maji matatu. Akasema, ndiyo nini? Nikasema, unalala kwenye maji siku tatu, kila siku unamwaga na kutia mapya, hadi ulainike na kunuka uchachu, ubonyee kwa kidole.

Nilipotamka neno ulainike, nikaikumbuka barua yako. Wewe uliniandikia ni mgumu kama jiwe.

Nikakimbia chumbani, nikazitoa barua zako chini ya godoro. "Safari hii sijakosea kama ile mioto yako." Nilikuwa nimeisoma hiyo, nikacheka, nikaikunja! Umempa maji matatu ya siku moja. Umeosha, umemwaga, umeosha, umemwaga, umeosha, ukaanika. Na ni mimi niliyekuambia usitie siku kwenye maneno ya mama. Mioto ilikuwa kazi, mdogo wangu. Maji yalikuwa siku. Sikukuambia. Nilikuwa naandika haraka, konda anapiga mluzi.

Sumu yake haijatoka. Sista anasema kwanza kichwa kinazunguka, halafu kisigino kinainuka, halafu siku moja mtu anaamka na miguu imefunga, na ikishafunga haifunguki. Lakini anayeacha mapema anaweza kuponyoka. Mapema, amesema. Nimemwambia kisigino kimeinuka, anatembea bado lakini anaanguka. Akanishika bega, akasema nenda.

Uza cherehani yangu, uza mlango, omba kwa majirani, lala njaa. Mpe maji matupu kuliko uji ule. Barua hii inakuja na Mluzi kwa basi la leo. Mimi nakuja na basi litakalofuata, nikipewa ruhusa au nisipopewa. Wewe huna kosa, unanisikia? Huna kosa. Tua mwiko tu.

Dada yako


Nyumbani
4 Desemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kila barua huwa naanza kwa kusema sisi wazima. Leo kalamu imekataa.

Jibu lako sijalipata. Mvua imekuja, dada, imekuja yote kwa pamoja, tangu mwisho wa mwezi haijapumzika. Nguzo ya simu ya dukani imelala barabarani na daraja limechukuliwa na mto kabla basi halijafika. Mluzi hatujamsikia. Barua hii nitaishika mpaka maji yapungue.

Juzi Panzi aliamka akasikia mvua juu ya bati. Unajua anavyopenda mvua. Akapiga kelele mama mdogo, amka, tukaoge, akateremka kitandani akaanguka. Akacheka. Akajaribu tena, akaanguka, akacheka kidogo. Mara ya tatu hakucheka. Miguu imenyooka, dada, nikiikunja inarudi. Haimuumi, anasema haimuumi, anauliza tu imelala mpaka lini. Nimeikanda kwa maji ya moto na mafuta, asubuhi na jioni. Baba alimbeba hadi mlangoni aione mvua, akakaa naye pale hadi giza. Macho ya Baba yalikuwa yanatoka maji, nikamuuliza, akasema ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Naogopa, dada. Ulinipa mtoto anaruka.

Lakini simwachi hivi hivi, nampa nguvu. Jana nimempikia uji wa Mlinzi, mzito, vile anavyopenda. Sasa maji yapo tele, siyaonei uchungu tena, nikampa Mlinzi maji matatu kwa uangalifu kuliko siku zote, asubuhi nzima naosha na kumwaga, naosha na kumwaga. Mvua hainiachi nianike, nikamkausha juu ya moto, nikamponda, jioni uji ukawa tayari. Amekunywa kikombe kizima. Nikamwongezea. Na leo nimemwekea mwingine, upo jikoni unachemka.

Mchicha umeanza kuchomoza pale mlangoni. Ukija mwezi wa kwanza utatukuta tunachuma.

Vijana waliokwenda kuutazama mto wanasema basi la kwanza lilirudi, na jingine limekwama ng'ambo tangu jana, abiria wamelala ndani. Kuna mwanamke mmoja anapiga mayowe anataka kuvuka kwa miguu, wanaume wamemshika, kila wakimwachia anakimbilia majini. Anapaza sauti neno lile lile, lakini kwa ngurumo ya mto hawasikii anasema nini. Maskini, sijui kaacha nini huku.

Uzi wa mguu huu hapa, nimeukunja ndani ya karatasi. Tangu Aprili nakimbizana naye. Leo alitulia tu, akaniacha nipime yote miwili.

Mdogo wako